Alama za Goti la Mama

Mimi ni karani wa kliniki ya mifupa. Picha za magoti ya wazee zinafanana, kwa hiyo foleni inapangwa kwa alama za maumivu, sifuri hadi kumi, anavyozitaja mgonjwa mwenyewe; mimi naziandika, daktari anasaini. Saba kwenda juu, unawekewa goti bandia mwaka huu. Nilipoanza kazi, foleni ilienea kwenye ukurasa mmoja. Siku hizi watu wanaishi miaka mingi kuliko magoti yao, na wapasuaji ni walewale wawili. Wa alama ndogo tunawapangia miaka mitano mbele. Mama yangu ana sabini na tisa.

Wiki nzima nilimfundisha kama mtoto wa chekechea. "Daktari akikuuliza, usiseme sijambo. Sema tisa."

"Nimesikia, mama yangu." Huniita hivyo anapotaka nimwache. Mwanamke huyu hupanda ngazi za mlangoni kwa makalio, kinyumenyume, kisha husema anafanya mazoezi.

Siku ikafika. Daktari, kijana mwenye adabu zake, akainuka. "Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa. Uzee tu huu."

Nikakohoa mpaka daktari akaniuliza kama nataka maji.

"Sifuri hadi kumi, mama, maumivu ni ngapi?"

"Tuseme mbili. Hao walioko nje ndio wanaoumwa."

Wiki nzima nilikuwa natwanga maji kwenye kinu! Daktari alishaanza kusoma kadi inayofuata. Angesaini chochote ambacho ningeandika. Sijawahi kumwongezea mtu alama, lakini siku ile si uaminifu ulionizuia, ni hasira. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni. Nikaandika mbili. Daktari akasaini.

Nilipotoka nilimkuta mama ameegemea ukuta wa korido, amelishika paja kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Umeniandikia ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulizotaja. Mbili."

Akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mwanangu, mtoto wa watu amesimama akaniamkia, nimlilie? Nilimjibu kwa adabu. Kuandika nilikuachia wewe. Si tunaishi nyumba moja?"