Jani la Sukari

Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake Soweto, Moshi mjini, Lukresia alikuwa anachekecha sukari aliyoisaga juu ya jiwe. Alitumia kipande cha shela yake ya zamani, kwa sababu chekeche la dukani lilipitisha chembe, na chembe ikibaki keki hukwaruza kama ukuta wa chokaa. Ulikuwa mwaka 1983 na sukari haikupatikana. Hii waliichanga majirani, kila mmoja kikombe kutoka kwenye mgao wake. Elinipendo wa nyumba ya pili, mwenye watoto wengi kuliko wote, ndiye aliyeleta kikombe kilichofurika. Alisema kwake siku hizi wanapenda chai ya chumvi.

Keki ilikuwa ya harusi ya Digna, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu anatambaa. Kesho yake angeolewa na Wenseslaus, fundi wa magari wa Kiborloni.

Lukresia aliloweka jelatini aliyopewa na masista, akaiyeyusha kwa mvuke, akatia gliserini kidogo na kuimimina katikati ya sukari. Digna akakanda. Sukari ya kuvalishia keki hutaka mikono iliyopakwa mafuta, na subira, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Lilipofika hapo, upande mmoja uliingia rangi ya zambarau.

Lukresia alikikata kile kipande akawatupia kuku. Doa likarudi palepale, sasa likiwa na alama nne za vidole.

"Vua sweta," akasema.

Mkono wa Digna ulikuwa na doa lilelile, juu ya kiwiko.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na mgongoni?"

"Lisukume donge, utaona."

Lukresia akalisukuma kwa chupa mpaka likawa bapa, na mgongo ukatokea. Ulikuwa na mistari ya mkanda, na mwisho wa mstari mmoja sukari ilikuwa imevimba pale chuma cha mkanda kilipopiga.

"Mama, mimi sitaki kwenda kwake," Digna akasema. "Nimemwambia baba mkubwa. Anasema huo ni woga wa mabibi harusi wote."

Baba mkubwa alikuwa Filemon wa Kibosho, kaka wa marehemu baba yake. Bila neno lake harusi isingefungwa wala kuvunjwa.

"Basi nitaivalisha keki hivihivi," Lukresia akasema. "Kesho itapita kwake kabla ya kanisani. Filemon ana macho."

Mchana Wenseslaus alileta gunia la mkaa bila kuombwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alijaza pipa maji, kama alivyozoea kila akija, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, alikokuwa Digna anasugua sufuria. Lukresia alikuwa anailainisha keki kwa kiganja. Upande wa kushoto ukabonyea, ukubwa wa ngumi. Ukabonyea tena, juu kidogo. Mara ya tatu sukari ilipasuka, shira nyekundu ikachuruzika, na jino likaangukia kwenye sinia. Lukresia akachukua ile chupa akatoka.

Digna alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni. Wenseslaus alikuwa amechutama, anamalizia kusugua sufuria.

"Ameteleza kwenye sabuni, mama. Nimemwambia apumzike."

"Toka kwangu."

"Natoka, mama. Kesho tutaonana." Aliifudikiza sufuria juu ya kichanja ili ikauke vizuri, akaondoka.

Asubuhi madoa yote yalikuwepo, na tundu la jino bado lilikuwa linachuruzika. Lukresia aliyaacha madoa. Damu ndiyo alishindwa kuiacha. Mtoto hapelekwi mbele za watu akivuja. Alitwanga majani ya maboga kupata rangi, akakanda kidonge cha sukari ya kijani, akakata jani refu lenye ncha na kulibandika pale. Ua lingependeza zaidi, lakini rangi nyekundu haikuwepo, na mkono wake ulijua jani hilo kuliko yote. Kihamba alichozaliwa, shamba la ukoo, kilikuwa kimezungushiwa masale, mimea yenye majani ya namna hiyo, pande zote. Damu ikakatika.

Kwa Filemon wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa, kibuyu cha mbege kinapita. Keki iliwekwa juu ya meza. Filemon aliizunguka polepole, akatia ngumi yake kwenye lile bonde ili kupima.

"Hii ni ngumi."

"Ndiyo, shemeji," Lukresia akasema.

"Na hapa mkanda."

"Mkanda."

"Zamani keki zilikuwa kimya," alisema Ebenezeri, baba wa Wenseslaus. Wachache wakacheka.

"Ebenezeri, mwanao ataniulia mtoto," Filemon akasema. "Harusi hakuna. Mbuzi wenu watarudi."

Digna, aliyekuwa mlangoni na kitambaa mdomoni, akakaa. Bibi mmoja alimpa maziwa kwenye kikombe, akakishika kwa chini ili kisimuumize mdomo.

Wenseslaus, aliyesimama nyuma ya baba yake, akavua kofia. Aliliendea jani la sukari, akalibandua taratibu lisivunjike, akapiga magoti mbele ya Filemon akilishika kwa mikono miwili.

"Baba, nimekosa. Isale hili hapa."

Mbege iliacha kupita. Isale halikataliwi. Hata aliyemwaga damu ya ndugu yako, akija na isale unampokea.

"La sukari hilo!" Lukresia akasema. "Nililiweka kuziba damu."

"Uliliweka wewe? Mtu wa nyumba ya binti?" Filemon akauliza.

"Mimi."

"Basi nyumba ya binti ilishasamehe kabla hatujakaa," Filemon akasema, akalipokea kwa mikono miwili.

Keki ikaanza kuchuruzika tena. Mtu akasogeza jani la mgomba chini yake kitambaa cha meza kisichafuke, na kengele ya kanisa ikalia.

Harusi ilifungwa. Keki ilisifiwa kwa ulaini, na upande wenye ngumi walipewa wazee, maana ulikuwa umepondeka na haukuhitaji kutafunwa.

Tangu hapo keki za Lukresia hutoka na madoa mara nyingi. Wateja hawaulizi. Huagiza majani mapema.

Digna akiruhusiwa hushuka kumsaidia. Lukresia humjua kabla geti halijalia, kwa sababu donge lililofunikwa kitambaa kibichi hubadilika rangi. Husogeza kigoda chenye mto, huchemsha maziwa, na mihogo, inayotaka meno, huwapa watoto wa Elinipendo.

"Shikamoo, mama," Digna husema, akiosha mikono na kuipaka mafuta. "Leo nikate majani mangapi?"

Lukresia hulifunua donge, hulitazama.

"We kata tu, mwanangu. Nitakuambia yakitosha."