Mtoto wa Katekista

Katika kambi ya mkonge ya Mwera, hakuna aliyeieleza dhambi ya asili kama mwalimu Ernesti, katekista. Aliwafundisha wakata mkonge kwamba binadamu huzaliwa na doa la Adamu, nalo halitoki pasipo maji ya ubatizo. Ndiyo maana kichanga cha Lea, mmoja wa wakata mkonge hao, kilichokufa kabla ya kubatizwa, alikikatalia makaburi ya kanisa. Kikazikwa nje ya ua, penye magugu. Lea alilia hadi sauti ikamkauka.

Masika yaliyofuata, mtoto wa Ernesti mwenyewe, aliyempata baada ya kungoja miaka na miaka, akashikwa na homa kabla hajabatizwa. Mkewe Praxeda akaja na maji katika kata.

"Mbatize, baba. Si wewe unayefundisha kuwa mtoto akiwa mahututi mtu yeyote aweza?"

"Hajafika huko. Padre yu njiani kutoka Tanga. Atambatiza kanisani, watu wote wakiona."

Hakuthubutu kumwambia kilichomzuia hasa: kuyamwaga maji yale kulikuwa kukiri kwamba mtoto anakufa. Nayo barabara ilikuwa tope tupu. Padre alipowasili, mwili wa mtoto ulikwisha kupoa mikononi mwa mama yake.

"Ulimbatiza, mwalimu?" Padre akauliza.

Praxeda akamtazama mumewe. Ernesti akasikia kinywa chake kikijibu.

"Nilimbatiza, Padre."

Basi mtoto akazikwa ndani ya ua, kwa nyimbo na msalaba. Lea naye alikuja mazikoni. Akamshika Ernesti kwa mikono miwili.

"Pole, mwalimu. Mshukuru Mungu, wako kaondoka safi."

Alitaka kumwambia kweli pale pale. Badala yake akasema, "Amina."

Tangu hapo Praxeda hakumlaumu, wala hakusema naye. Jumapili alibaki ameketi wenzake wakienda kukomunika. Ernesti alikwenda, kwani asingekwenda watu wangeuliza. Akaitafuna komunyo ile, dhambi juu ya dhambi. Darasani aliendelea na habari za Adamu. Usoni mwa mwanawe hakuwahi kuona doa lolote. La kwake alilijua sasa, na lilikuwa limeshika mizizi.

Mara nyingi aliazimia kuungama. Lakini kila alipokaribia mlango wa kanisa aliona majembe yakimfukua mwanawe, apelekwe kule kwenye magugu. Akageuka, akarudi nyumbani kwa mke asiyemjibu.