Pengo la Milimita Kumi

Usiku wa jana niliota, na ninaandika sasa kabla ndoto haijaniponyoka, kwamba gurudumu la nyuma la baiskeli ya marehemu baba lilikuwa limekaa sebuleni kwetu likinisubiri. Lilikuwa limevaa kofia. Liliitikia salamu yangu vizuri, kisha likaniambia nikae, kana kwamba mgeni ni mimi.

"Nimechoka kukaa msumarini," likasema. "Miezi mitatu naangalia ukuta."

Nikaliambia pole.

Ni kweli limetundikwa kwenye msumari tangu tulipomzika baba. Yeye, Mzee Mihayo, alikuwa akizunguka porini kwa baiskeli kukusanya nta kwa wafuga nyuki, na kazi hiyo nimeachiwa mimi. Fremu yake ilikatika, likabaki gurudumu. Shangazi akanipa fremu ya baiskeli yake ya kike, nayo haina gurudumu la nyuma. Lakini uma wa fremu ya shangazi, yaani ile mikono miwili inayolishika gurudumu la nyuma, umepanuka kuliko wa baba, na gurudumu likiingia linapwaya. Nimejaribu mara tatu. Nisipofika porini Jumatatu, wafuga nyuki watampa nta mtu mwingine, na njia ya baba itakuwa imeishia hapo.

Yote hayo gurudumu liliyajua. "Twende," likasema. "Fremu inatusubiri."

Ninafungua mlango wa jikoni. Jikoni hakuna. Kuna uwanja wa shule ya msingi, palepale tulipomuagia baba, na turubai lilelile la bluu. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Fremu ya shangazi imesimama mbele yao kichwa chini, uma wake umetazama juu, na kati ya mikono yake hamna kitu.

Shughuli inaongozwa na Pampu. Imevaa tai. Kila ikitaka kusema sentensi inajiinua na kujishusha, na kila ikijishusha sauti yake inazidi kuwa nene.

"Ndugu waombolezaji," inasema, "marehemu ameacha pengo." Inajiinua, inajishusha. "Pengo ambalo halitazibika." Inajiinua tena. "Halitazibika kamwe."

Watu wanatikisa vichwa kukubali. Ni maneno yaleyale yaliyosomwa siku ya mazishi, na wasomaji wanne tofauti. Siku ile nilidhani ni maneno tu. Kumbe yalikuwa uamuzi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami ananionyesha kibao kilichochomekwa kwenye uma: PENGO. NI MARUFUKU KUZIBA.

"Tangu lini?" ninamuuliza.

"Tangu liliposomwa kwenye risala. Liliposomwa hakuna aliyepinga. Na wewe ulikuwepo, mstari wa mbele, unalia."

Nililia kweli.

Gurudumu linavua kofia yake. "Kwa hiyo narudi msumarini," linasema, bila kulalamika, na huko kutolalamika ndiko kunakoniumiza.

Hapo spana moja inasimama kutoka viti vya nyuma. Ni ile inayopanuka na kubana kufuata nati iliyopo, ambayo mafundi huiita spana malaya.

"Samahani, mwenyekiti," inasema. "Kwanza, hapa naomba niitwe Spana, basi. Hilo jina jingine nilipewa gereji na watu wasio na adabu."

"Imesikika," Pampu inasema.

"Pili. Hilo pengo mmelipima?"

Mtu anakohoa.

"Pengo la namna hii halipimwi," Pampu inasema. "Linaombolezwa."

"Mimi sijui kuomboleza. Najua kupima." Spana inapita katikati ya viti, inatanua taya zake ndani ya uma, kisha inazibana kwenye ekseli ya gurudumu, ambalo linacheka kidogo kwa kutekenywa. Inapiga hesabu kimoyomoyo. "Milimita kumi."

Watu wananong'ona. Mzee mmoja anaonekana kukasirika. "Milimita kumi? Mimi nimepanda magari mawili kuja hapa."

"Hata mimi nilidhani ni zaidi," ninamwambia.

Ninainama kulitazama. Ni milimita kumi, kidole changu kidogo kinaingia kwa shida. Lakini ndani yake ninaiona njia yote ya porini, miti ya miombo pande mbili, na vumbi linalotua polepole kama mtu amepita sasa hivi. Kunanukia nta. Ninasogeza kichwa nione aliyepita ni nani.

"Usiingie zaidi," Spana inasema. "Utakwama, na Jumatatu una kazi."

"Sasa nifanyeje?"

"Tia washa."

Mara ninazo mkononi. Ni washa kumi, vile vibati vya mviringo vyenye tundu, kila kimoja unene wa milimita moja, vya baridi kama vimetoka mtungini. Ninazivisha kwenye ekseli moja baada ya nyingine hadi ya kumi. Ninakaza nati. Pengo halionekani tena. Ninasimama nikijisikia fundi.

Uwanja unainama.

Vinaanza kuteleza viti vitupu, inafuata sufuria ya wali, kisha wazee wa mstari wa mbele, taratibu, wakiwa wamekaa vilevile na sahani zao mapajani. Gurudumu limeegemea mkono mmoja wa uma na linausugua: krrr, krrr.

"Binti Mihayo," Spana inasema, huku imeng'ang'ania mguu wa meza, "gurudumu hukaa katikati. Mbona washa zote umeweka upande mmoja?"

"Upande huu ndio wangu."

"Na ule wa pili ni wa nani?"

"Hauna mtu."

"Umetazama?"

Sikuwa nimetazama. Ninazunguka fremu, na kwa jinsi uwanja ulivyoinama napanda kama napanda kilima. Upande wa pili kuna mkeka. Juu ya mkeka amekaa mama yangu, kanga imefunika kichwa, ameushika ule mkono wa pili wa uma kwa mikono yake yote miwili. Ameushika hivyo tangu siku ya mazishi. Mimi nilidhani unasimama wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, mikono imekufa ganzi."

"Mbona hukuniita?"

"Ulinyamaza. Ukienda kumpa mtu pole, akinyamaza na wewe unyamaze. Si ndivyo nilivyokufundisha?"

"Lakini mimi nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza."

Mama anafikiri. "Basi tumekaa miezi mitatu nyumba moja," anasema, "wageni wawili, mfiwa hakuna."

"Niliogopa nikimtaja baba utalia."

"Nalia kila siku. Nalilia kisimani."

"Mimi nalilia chooni."

"Najua. Mlango wenyewe gunia."

Anatoa mkono mmoja kwenye uma na kunikunjulia kiganja. "Lete zangu."

Ninarudi upande wangu, ninalegeza nati, ninavua washa tano na kumpelekea. Anazifumba kiganjani na kuzibana kwa nguvu, muda mrefu, hadi ninadhani hatazitoa. Kisha anazivisha kwenye ekseli upande wake, moja moja, bila haraka.

"Usikaze kwa hasira," ananiambia. "Zungusha robo huko, na mimi robo huku."

Robo. Robo. Uwanja unanyooka. Wazee wanateleza kurudi mahali pao, na yule aliyepanda magari mawili anaendelea kula. Ninalisukuma gurudumu kwa kidole. Linazunguka na halisugui popote, na linatoa ile tik-tik-tik ambayo kila jioni ilituambia baba yuko kwenye kona ya mwembeni, mtu atenge chakula.

"Wameziba!" Pampu inasema. "Pengo la marehemu limezibwa mchana kweupe."

"Halijazibwa," Spana inasema. "Limegawanywa. Na hizo washa zenyewe zitazame, kila moja ina tundu."

Pampu inatazama. Upepo unaitoka, fsss, tai inalegea. Inakaa kwenye kiti cha plastiki na kuomba maji ya kunywa.

"Jumatatu saa ngapi?" gurudumu linaniuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Vizuri. Upepo usinitie mwingi. Njia ile ina mizizi."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Mkono wa kulia alikuwa akiufumba na kuufumbua.

"Shikamoo mama. Mkono umefanya nini?"

"Marahaba. Sijui nimelalia nini."

Akanionyesha kiganja. Kulikuwa na alama tano nyekundu za mviringo, zimebonyea kwenye ngozi, na kila moja ina kiduara kidogo katikati. Akazisugua kwa pindo la kanga. Hazikufutika.

Tulizitazama sote wawili. Uji ukaanza kufurika, naye akarudi kuukoroga.

"Lile gurudumu la Mihayo," akasema, akiwa amenipa mgongo. "Washa umeweka ngapi upande wa mnyororo?"

Hakuwa amelitaja jina hilo tangu tulipomzika.

"Zote," nikasema. "Tangu nilipojaribu juzi, bado ziko kwenye ekseli."

Akasonya. Akaipua sufuria, akaifunika, akafuta mikono.

"Zitoe," akasema. "Na uje na spana mbili."