Tonsi Yenye Kona Iliyokunjwa

Furaha ile haikumwingia daktari hata kidogo. Mdogo wake alikuwa na uvimbe shingoni, ukakatwa kipande, na jana jibu likatoka: hakuna saratani ya tezi za limfu. Nyumbani ikawa vigelegele, mama analia, shemeji anawapigia simu ukoo mzima. Dada mtu, daktari wa maabara ileile iliyotoa jibu, ndiye pekee aliyekunja uso. Kama hakuna kitu, mbona binti wa watu bado analowa jasho usiku?

Kesi ya ndugu hairuhusiwi kuisoma mwenyewe, ndiyo maana aliisoma daktari mwenzake. Lakini kuchungulia, nani atamzuia? Asubuhi akakiweka kwenye hadubini kioo chembamba chenye kipande cha uvimbe wa mdogo wake. Kazi yenyewe iko hivi: kingamwili inadondoshwa juu ya kipande cha nyama, inanasa seli inazozitafuta, na inaponasa panageuka kahawia. Kioo kile kilikuwa buluu tupu, yaani hakuna kilichonaswa. Kisafi mno, akawaza.

Sasa, ili kujua dawa hiyo ya kingamwili haijafa, kila siku hupakwa pia kipande cha tonsi, yaani findo la koo, la mtu mwingine; hilo lina seli chache zinazonaswa hata kwa asiye mgonjwa, kwa hiyo lazima litoe kahawia kidogo. Akakitazama kipande cha Alhamisi, siku kioo cha mdogo wake kilipopakwa. Kahawia ipo, tena nzuri. Ila kona moja ya nyama ilikuwa imejikunja.

"Hee!" akasema peke yake. Kona ile aliiona Jumatatu.

Akamwita fundi wa kupaka rangi, ambaye maabara nzima inamwita Chapchap.

"Tonsi hii ulipaka lini?"

"Alhamisi, daktari. Si imeandikwa hapo?"

"Usinichezee akili! Kona ileile ijikunje mara mbili?"

"Dawa ilikuwa inaishia. Nikaona tonsi ya Jumatatu inatosha, nikabandika lebo mpya. Haijawahi kuleta shida, haki ya Mungu."

"Na Jumatano umeme ulivyokatika kutwa, chupa ya dawa hii isiyovumilia joto ilikuwa wapi?"

Chapchap akaitazama friji, halafu akatazama viatu vyake. Daktari alitamani kumzaba kibao. Badala yake akatoa chupa mpya, akamsimamia kichwani hatua kwa hatua; hata Chapchap alipogeuka kupiga chafya alimfuata kwa macho.

Vioo vilipokuwa tayari akampa mwenzake asome, yeye akabaki mlangoni anatafuna kucha. Tonsi ilitoa kahawia. Kipande cha mdogo wake nacho kilitoa: seli kubwakubwa, chache, zimekolea.

"Zipo," mwenzake akasema taratibu. "Pole, ndugu yangu. Ugonjwa huu unatibika, ila tusichelewe."

Akampigia simu mdogo wake. Alikuwa amepanga maneno, yakamwishia yote kwenye "mdogo wangu".

"Nilijua, dada," yule akamkatisha. Alikuwa ananong'ona. "Uvimbe umeongezeka. Nimekuwa naufunika kwa mtandio."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema vipi? Mama hajacheka tangu nianze kuumwa. Nikasema acha acheke, hata siku mbili tatu."

Nyuma ya simu daktari alimsikia mama yao akiimba jikoni.