Mwamba Ndani ya Kitalu

Kikao kilifanyika katika chumba cha madrasa, Kichangani, kusini mwa mto Pangani, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye ukuta mpana wa kutosha kubandika ramani. Wafa, afisa wa ofisi inayoshughulikia vibali vya utafutaji wa mafuta, alikuwa ameshaibandika kabla manahodha hawajaingia. Aliwaamkia wote kwa pamoja, wakaitikia, wakaketi kwenye mkeka.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kampuni moja iliomba kibali cha kutafuta mafuta na gesi katika kitalu, kipande cha bahari kilichoanza karibu na pwani yao na kwenda mbali mpaka kwenye kina kirefu. Meli ya upimaji ingepita kwenye kitalu chote ikivuta nyaya ndefu na kupiga mshindo majini, ili mwangwi utakaorudi uonyeshe miamba iliyo chini ya ardhi ya bahari. Meli ya namna hiyo haikati kona upesi. Popote inapopita, nyavu na mitego ya madema lazima viondolewe. Lakini kibali kingetolewa kwa masharti, na sharti mojawapo lilikataza meli kupita mahali palipothibitishwa kuwa pa uvuvi.

"Mahali hapo mlinionyesha wenyewe nilipokuja mara ya kwanza," alisema. "Ndipo hapa penye kijani. Leo ni mara ya mwisho ya kusahihisha. Nikirudi Tanga masharti yanapelekwa Dodoma, na kisichokuwa na kijani kitahesabika kuwa bahari tupu."

Tahiri Mwinyijuma, nahodha wa mashua ya madema, aliangalia ramani kwa makini. Kijani kilikuwa doa moja, nene, na lote lilikaa juu ya Fungu la Tupu, tuta la mchanga lililo chini ya maji. Hakuna mtu aliyewahi kutega dema pale akapata zaidi ya konokono.

Mara ile ya kwanza, Wafa alipowaita mmoja mmoja na kuwauliza wanavua wapi, Tahiri aliweka kidole kwenye Fungu la Tupu. Hakuhisi kuwa amesema uongo. Nahodha wa Kichangani akiulizwa anakovua hujibu hivyo, na anayeuliza hujua kuwa atajibiwa hivyo. Mwamba wake wa kuvulia alionyeshwa na baba yake mwaka ambao mzee aliacha bahari, na kabla ya hapo alikuwa akiambiwa ainamie tanga, asione njia, mashua inapokaribia. Tahiri mwenyewe hakubeba simu baharini. Alikuwa amesikia kwamba simu hukumbuka ilikokwenda.

Kumbe wenzake wote nao walionyesha Fungu la Tupu.

"Nina swali," Wafa alisema. "Vipimo vya kina vinaonyesha hapa ni mchanga mtupu. Mnavua nini?"

Abdulghani, shemeji yake Tahiri, nahodha mwenye maneno kuliko wote, akakohoa. "Mchanga nao una riziki yake, bibie."

"Riziki gani?"

"Changu."

"Changu wa mchangani? Si samaki wa miamba huyo?"

"Huyu alipotea njia," akasema mwingine nyuma, na chumba kizima kikacheka. Wafa pia alicheka kidogo, kisha akasema atapumzika kunywa chai katika chumba cha mwalimu, na kwamba mwenye la kuongeza anajua mlango ulipo.

Nje, Semeni, mke wa Tahiri, alikuwa akiwauzia watu chai na maandazi mezani kwake. Alishasikia yote kupitia dirishani.

"Nenda kaseme," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Nikaseme nini? Nimweleze mgeni mwamba wa baba yangu, kesho aubandike ukutani, kaka yako Abdulghani autie macho?"

"Na usiposema, meli ikipita juu yake?"

"Labda haitapita."

"Labda! Weye huna labda ukiona andazi limepungua, leo kwenye mwamba ndo una labda?"

Tahiri alipima mambo jinsi yalivyo. Akinyamaza, mwamba ungekuwa bahari tupu kwenye masharti, na yeye angeamriwa kuondoa madema yake bila hoja ya kujitetea. Samaki wa miamba wakishtuliwa huhama; watarudi lini, hakuna aliyeweza kumwambia. Akisema, siri inaweza kufika kwa Abdulghani. Hasara ya kwanza ingempata kwa hakika, ya pili ingeweza kumpata. Alimaliza chai yake, akaenda.

Wafa alikuwa na kompyuta mbele yake. Tahiri alifunga mlango.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Tanga mjini, baba. Chumbageni."

"Watu wa Chumbageni huweka siri?"

"Wa Chumbageni sijui. Mimi naweka."

Akamweleza. Mnara wa simu ukionekana kutoka baharini umekaa juu ya paa la ghala la zamani la katani, hiyo ni alama ya kwanza. Zamani za baba yake alama hiyo ilikuwa mti wa mvinje, ukakatwa, na kwa bahati mnara ukasimamishwa karibu na palepale. Alama ya pili ni kilima cha kusini kikianza kujitenga na ncha ya mikoko. Penye alama zote mbili, hapo ndipo.

Wafa alichora mstari, akachora wa pili. Mistari ilipokutana akavuta vipimo vya kina. Chini palipanda ghafla, kama kichuguu.

"Yanalingana," alisema. "Ukiwa pale, huwaoni wengine?"

"Sijapata kumwona mtu. Pale ni pangu peke yangu."

Wafa alimtazama kidogo, akaandika. "Asante, baba. Imetosha."

Tahiri alipofungua mlango alimkuta Abdulghani amesimama.

"Nimekuja kuomba maji," Abdulghani alisema.

"Maji yako mtungini, nje."

"Ya nje yamepata jua."

Nyuma yake walisimama manahodha wengine. Mmoja alitaka kumsalimia bibie kwa vile babu zao walijuana. Mwingine alidai ameacha kofia mle ndani, na kofia ilikuwa kichwani. Kila aliyeingia alifunga mlango nyuma yake.

Kikao kilipoanza tena, Fungu la Tupu halikuwa tena na kijani. Wafa alionyesha eneo jipya, mviringo uliozungukwa na ukanda mpana wa usalama.

"Nimelipima kwa alama mlizonipa na kwa vipimo vya kina, na vyote vinakubaliana," alisema. "Meli haitaingia humu wala kwenye ukanda huu. Nani alisema nini, hilo halitaandikwa. Kuna pingamizi?"

Hakuna aliyepinga. Tahiri alikuwa akiangalia umbo. Mwamba wake ulikuwa katikati kabisa, na alijisikia mwepesi. Kisha akaendelea kuangalia, kwa kuwa kitu hakikukaa sawa. Kama kila nahodha angetaja mwamba wake, ramani ingekuwa na madoa yaliyotawanyika kitalu kizima. Kulikuwa na doa moja. Doa moja, mwamba mmoja, na wote wameridhika.

Aligeuza kichwa. Abdulghani alikuwa ameshamaliza hesabu hiyohiyo na alikuwa akimtazama.

Walitoka pamoja mpaka karibu na meza ya Semeni.

"Wewe huenda pale siku gani?" Abdulghani aliuliza.

Tahiri alifikiri. "Jumanne. Na Alhamisi. Wewe?"

"Jumatatu na Jumatano. Ndivyo baba alivyoniusia."

"Na mie ndivyo alivyoniusia wangu."

"Hao wazee walikaa wakapangiana!"

"Na sisi wakatwambia kila mtu yuko peke yake."

Abdulghani akaanza kucheka, akashika ukingo wa meza. Tahiri naye akacheka, na Semeni akawauliza kuna nini. Hawakumwambia. Abdulghani alichukua maandazi mawili, akampa shemeji yake moja.

"Jumamosi," akasema. "Nani mwenye Jumamosi?"

Waligeuka, wakawatazama manahodha wengine waliokuwa wakitoka mlangoni mmoja mmoja, wakitabasamu na kuangalia chini.