Moyo wa Kidoti Haukuingia Kwenye Faili

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, mshona sare alifika na bintiye kwenye dirisha la bima ya umma. Kidoti alikuwa na miaka saba na tundu moyoni. Daktari alikwisha sema apasuliwe ndani ya miezi mitatu, lakini hospitali kubwa haikugusa mtoto bila kibali cha bima, na maombi yalikuwa yamerudishwa mara nne: leo muhuri umefifia, kesho fomu ni ya zamani.

Ngozi ya Kidoti ilikuwa imeanza kung'aa Ijumaa, akiogeshwa. Kufikia Jumatatu kifua chake kilikuwa kama kioo cha dirisha. Mama yake alipanua shingo ya gauni, mtoto asisumbuliwe kuvuliwa kila akipimwa.

Karani alivaa miwani, akainama. Moyo ulikuwa ukidunda mbele yake, damu ikipenya pasipotakiwa.

"Tundu nimeliona, mama. Tena kubwa."

"Basi andika umeliona."

"Mimi siandiki ninachokiona, naandika kilichoambatanishwa. Picha ya moyo iko wapi?"

"Si mlisema imepitwa na wakati? Nimekuletea moyo wenyewe."

"Moyo wenyewe hauingii kwenye faili, dada yangu."

"Naweza kukaa?" Kidoti aliuliza. Midomo ilikuwa imeshageuka zambarau.

"Kaa, mwanangu," karani alisema kwa upole kabisa, akamwita mtu wa nyuma.

Foleni ya kupiga picha mpya ilikuwa ya wiki tisa. Katikati ya wiki hizo mwalimu wa sayansi alimwazima Kidoti kutoka kwa mama yake kwa kipindi kimoja, akamsimamisha mbele ya ubao. Wenzake walichora vyumba vinne vya moyo bila kukosea, na kwenye mtihani darasa zima lilipata swali hilo. Kidoti hakuufanya, ngazi za shule zilikuwa zimemshinda.

Picha ilipopatikana, maombi yalipelekwa kwa mara ya tano. Majibu yalikuja mchana, kwenye bahasha ya kaki: maombi hayakukubaliwa, kwa kuwa picha ndogo ya mgonjwa inaonyesha ukuta ulio nyuma yake kupitia mwilini.

Mshona sare aliisoma barua mara mbili. Akasukuma cherehani pembeni, akatandaza fomu nyingine, akaanza kuandika jina la mtoto kwa herufi kubwa. Kidoti alikuwa amejilaza karibu na miguu yake. Kupitia kifuani mwake mama aliona mistari ya mkeka, na juu ya mistari hiyo moyo uliokuwa sasa ukipiga, ukipumzika, ukifikiri kwanza, ndipo upige tena.