Dakika Kumi za Kamanda

Kazi ya Mauwa ilikuwa ukalimani wa simu, na ukalimani una sharti moja gumu: mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Hakuna cha "anasema kwamba". Akiwa mjane, kwa dakika hiyo wewe ndiye uliyefiwa. Ukitaka kusema lako mwenyewe, unajitaja kama mtu baki: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Mauwa alikuwa ameimudu kazi hiyo miaka tisa, jikoni kwake mjini Sterling, ughaibuni, hedifoni masikioni.

Jumanne moja asubuhi alipigiwa na wakili kijana aitwaye Ryan. Alikuwa ofisini na mteja wake, Bwana Nehemiah, mzee wa Kikongo aliyeomba hifadhi.

"Aanze na siku aliyompoteza mkewe," wakili alisema.

Mzee alikohoa. "Tulikuwa Lokumbe," alisema, kwa Kiswahili kile kile cha kwao Mauwa. "Siku ya ine ya vita."

Mauwa naye alizaliwa huko, lakini hakushtuka sana. Watu wa Lokumbe wametapakaa dunia nzima. Makamanda wawili walikuwa wameingia katika mji ule wa mtoni wakiwa marafiki, wakila meza moja, kisha wakagombea bandari. Mmoja akashika ukingo wa kaskazini, mwingine wa kusini. Wakafunga njia zote, asiingie mtu wala kutoka, wakarushiana mabomu siku tisa juu ya vichwa vya wenye mji. Wanaume wazima, na vyeo vyao mabegani!

"Maji iliisha," mzee aliendelea. "Redio ikatangaza bunduki zitanyamaza toka saa ine mpaka saa sita, watu wachote maji mtoni. Muke wangu akafunga kombinezo yake nyeupe kwenye mpini wa fagio, akatoka nayo kama bendera. Miye njo nilisema niko na kiu."

Mauwa alitafsiri hadi hapo kwenye kiu, akakwama.

Kombinezo ile, shimizi ya kuvaliwa ndani ya gauni, ilikuwa ya mama yake. Na aliyelia kiu alikuwa yeye, Mauwa, mtoto wa miaka saba aliyejikunyata chini ya ngazi na kaka yake Ferdinand. Hakuna mwingine aliyekuwapo, wala hakuwa amepata kumsimulia mtu. Kisha akasema kwa Kiingereza: "Mimi ndiye niliyesema nina kiu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya watu, na akayatamka kwa niaba ya mwizi wa habari yake.

"Kama bunduki zilinyamaza," wakili aliuliza, "mbona maelezo yanasema alipigwa risasi akirudi?"

"Vita," mzee alijibu.

Jibu la kwao nyumbani lilikuwa jingine. Miaka ishirini na mitano yeye na Ferdinand walikuwa wakiambiana kwamba mama alichelewa, kwamba alinogewa na maongezi mtoni hadi saa sita ikampita. Mauwa aliongeza lake, mara nyingi kimoyomoyo: nisingelia, asingetoka.

"Mkalimani anaomba ufafanuzi," alisema. "Risasi ilitoka wapi?"

Labda ni ile sauti ya kike, yenye lafudhi ya kwao, iliyomlegeza mzee.

"Posta," alisema. "Orofa ya pili. Saa yangu ilikuwa mbele dakika kumi, nilikuja kujua nyuma. Nilikuwa nimekwisha kuamuru."

Posta palikuwa makao ya kamanda wa kusini. Hakuna mtu wa Lokumbe asiyejua, na wa kuamuru pale alikuwa yeye peke yake. Mauwa alitafsiri yote, neno kwa neno, hata zile dakika kumi.

"Saa yako?" wakili aliuliza. "Uliamuru nini?"

"Mkalimani anaomba kujiondoa," Mauwa alisema, akakata simu.

Saa kumi jioni Ferdinand alifika na samaki, kama kila Jumanne. Alikuwa shemasi wa kanisa lao huko Woodbridge, na ndiye aliyewasaidia wageni kuandika maelezo yao ya hifadhi. Kiapo cha kazi kilimkataza Mauwa kutoa nje aliyoyasikia. Hakikumkataza kuuliza habari za mama yake.

"Yaya," alimwita, kama kwao wanavyowaita kaka wakubwa, "mama alichelewa?"

Ferdinand aliacha kufungua mfuko. "Nani amekuambia?"

"Sijasema nimeambiwa. Nauliza."

Kaka mtu akavuta kiti, akakaa. "Hakuchelewa. Kuna mutu pale kanisani, Mauwa. Alipiga magoti mbele yangu, akalia kama mutoto. Nilimusamehe. Kwao hawezi kurudi, watamuua, na habari yake mwenyewe hawezi kusema. Nikamupa yetu."

"Lini?"

"Pasaka."

Ilikuwa Novemba. Mwezi wa saba, siku ya kumkumbuka mama, Mauwa alilia kwenye meza hiyo hiyo akisema yeye ndiye aliyemuua. Ferdinand alimfuta machozi kwa leso yake, akambembeleza: "Si wewe. Unajua mama alivyopenda maongezi."

"Alikuwa anarudi mbio," Mauwa alisema. "Alikuwa ndani ya saa yake, anatuletea maji. Nawe ukajua, ukamwacha mama aitwe mpiga soga na mimi nijiite muuaji, ili mzee yule alale."

"Nilitaka amani, mudogo wangu."

"Msamaha ulikuwa wako, umeutoa. Kiu ilikuwa yangu, Yaya. Hukuniuliza."

Akaurudisha mfuko wa samaki mikononi mwa Ferdinand, akamfungulia mlango atoke.